Sura ya Nne: Marehemu Bado Anapima

"Huyu alizikwa lini?" Inspekta Veridiana aliuliza.

"Tarehe kumi na tisa Aprili, afande."

"Na mara ya mwisho kupima presha?"

Yunusi alikitazama kioo cha kompyuta. "Leo asubuhi. Saa kumi na mbili na dakika saba."

Veridiana alivuta kiti akakaa. Katika miaka yake ishirini na miwili ya upelelezi, mingi akiwa Masasi, alishakutana na marehemu aliyesaini mkataba wa shamba, na marehemu mwingine aliyekutwa ameoa tena huko Tunduru. Marehemu anayeamka alfajiri kuangalia afya yake alikuwa hajamwona. Angecheka, lakini sura ya Yunusi haikuwa ya mtu wa kuchekwa.

Yunusi alikuwa fundi wa takwimu. Kwa miaka miwili wagonjwa wa presha wa Newala walikuwa wakipewa mashine za kukaa nazo nyumbani: unavaa mkanda mkononi, unabonyeza kitufe, na laini ya simu iliyomo ndani inapeleka majibu yenyewe. Masasi nao walikuwa na mashine zao, za mradi mwingine. Kila mradi ulikuja na mfumo wake, na mifumo hiyo miwili ikaishi kama wake wenza wasiosalimiana. Jumatatu ya wiki ile ndipo Yunusi na wenzake walipofanikiwa kuiunganisha, taarifa zote zikaandikwa kwa muundo mmoja. Leo ilikuwa Alhamisi, na muungano ulikuwa umeshazaa kesi.

"Nieleze kama unamweleza mama yako," Veridiana alisema.

"Somoe Shamte, wa Chilangala. Alifia hospitali Masasi, kwa nimonia. Masasi wanamtambua mgonjwa kwa namba ya kadi, kwa hiyo kule wakaandika amefariki. Huku Newala mgonjwa anatambuliwa kwa namba ya mashine. Mashine ikipima, mfumo unaandika Somoe. Hauulizi mkono ni wa nani."

"Sasa si mmeunganisha?"

"Ndiyo balaa lenyewe." Yunusi alishusha sauti. "Tuliweka kanuni. Mgonjwa akishafariki, mfumo usimpigie mtu king'ora wala usimtumie mtu meseji. Tulifanya kwa nia njema, afande, wafiwa wasipate kuumia. Sasa tangu Jumatatu kila kipimo cha mashine hii kinatupwa kapuni, hakuna anayekiona. Mimi nimekiona leo kwa kupekua."

"Kinasema nini?"

"Mia mbili kumi na nne kwa mia na ishirini na sita."

Mama yake Veridiana alianguka jikoni kwa presha ya chini ya hapo, na hakuinuka tena. Veridiana alifunga daftari lake. Wakubwa wa mradi walikuwa wamemwita aje kumkamata mtu wa kughushi takwimu. Yeye aliona kuna mtu mahali fulani, ana mkono na ana damu inayochemka, na hakuna daktari hata mmoja anayejua kama yupo.

"Tuanze na mshitakiwa wenu," alisema. "Lakini haraka."

Mshitakiwa alikuwa muuguzi Anthony, kijana mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Yeye ndiye aliyekuwa akifuatilia wagonjwa wa nyumbani, na wakubwa walikuwa wameshaamua kwamba namba za marehemu amezitunga yeye ili kazi yake ionekane.

"Somoe Shamte unamjua?"

"Kwa namba tu, mama. Kwa sura hapana. Nimehamia mwezi wa tano."

Veridiana alimsogezea karatasi na kalamu. "Nitungie vipimo thelathini vya mgonjwa wa presha. Usifikiri sana."

Anthony aliandika, jasho likimtoka na baridi yote ile ya Juni. Alipomaliza, Veridiana alihesabu. Kumi na tisa kati ya thelathini viliishia na sifuri au tano. Kisha akachukua vipimo vya mashine vya siku sabini na mbili. Viliishia na kila tarakimu, bila upendeleo.

"Binadamu akitunga anapenda sifuri na tano," alimwambia Yunusi. "Hizi zimetoka mwilini. Muuguzi, uliona presha inapanda?"

"Niliona. Ilipofika mia na themanini nikampigia msimamizi wake, mumewe. Nimempigia mara mbili mwezi huu. Akasema tumesikia, atapunguza chumvi."

Kalamu ya Veridiana ilisimama. "Mume alikwambia mkewe atapunguza chumvi?"

"Ndiyo, mama. Na jana alikuja hapa mwenyewe. Alilalamika kwamba tangu Jumatatu hapati meseji."

"Meseji gani?"

"Ile ya kila asubuhi. 'Mgonjwa wako Somoe amepima leo. Asante kwa kumtunza.' Nikamwambia mfumo umebadilishwa, asubiri. Akakaa kwenye benchi mpaka saa saba, halafu akaondoka na baiskeli yake."

Yunusi ndiye aliyetangulia kusema. "Kumbe anayo yeye. Mzee anajipima mwenyewe."

"Labda," Veridiana alisema. "Hiyo mashine inaandika nini zaidi ya presha?"

"Mapigo, saa, chaji ya betri, joto la betri."

"Joto?"

Yunusi alifungua safu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuihitaji. Kabla ya maziko, alfajiri za Chilangala zilisoma nyuzi kumi na nane, kumi na tisa. Baada ya maziko palikuwa na siku mbili bila kipimo, kisha namba zikaruka hadi ishirini na nne na kubaki hapohapo.

"Huku juu mlimani tunalala na mablanketi mawili," Veridiana alisema. "Mashine hii imeteremka bondeni. Kwa hiyo mzee hajipimi. Ila anajua nani anapima. Twende."

Walimkuta mume wa Somoe, Mzee Abdulatifu, shambani kwake Chilangala, akipulizia mikorosho dawa ya salfa, kitambaa kimemfunika pua na mdomo, nyusi zimegeuka njano kwa unga. Alizima mashine ya kupulizia alipoliona gari la polisi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kwa ajili ya meseji?"

Alikuwa akiuliza kwa matumaini, na matumaini yale yalimchoma Veridiana kuliko uongo wowote aliowahi kuambiwa kazini. Alikaa juu ya gogo ili mzee naye akae.

"Pole na msiba, baba. Bi Somoe mlimzika saa ngapi?"

"Baada ya swala ya alasiri. Saa kumi na kitu."

"Mashine yake ya presha ilipima siku hiyohiyo, saa tisa na dakika hamsini. Hapo mwili ulikuwa bado nyumbani, na watu wamejaa uani. Nani anapima presha katikati ya msiba?"

Mzee alikunguta unga kwenye suruali, mara moja, mara ya pili.

"Muuguzi alikupigia mara mbili," Veridiana aliendelea taratibu. "Ukamwambia mgonjwa atapunguza chumvi. Baba, mimi sikuja kukufunga. Nataka mkono. Nani amevaa ule mkanda?"

"Mtani," Mzee Abdulatifu alisema.

Baada ya neno hilo maneno mengine yalitoka yenyewe. Ukoo wa Somoe na ukoo wa Swaumu, wa Nanganga, walikuwa watani tangu enzi za mabibi zao. Msiba ulipotangazwa Swaumu alipanda mlima na watani wenzake, na kama ilivyo ada, akamwigiza marehemu. Alivaa kanga ya Somoe na miwani yake, akajifunga mashine mkononi, akakaa juu ya kinu katikati ya ua. "Ninyi lieni tu," aliwaambia watu. "Mimi napima presha yangu, nisije nikafa." Akabonyeza kitufe. Msiba mzima ulicheka, hata Shamila, binti wa marehemu, ambaye hakuwa amekula kitu tangu jana yake. Baadaye Swaumu akaondoka na vitu vyote, mpaka wafiwa wavikomboe kwa zawadi.

"Na hukukomboa," Veridiana alisema.

"Kanga nilitaka kukomboa. Miwani pia. Nilishatenga na kuku wa kumlipa." Alitoa simu yake ndogo ya kubonyeza mfukoni, akaishika bila kuifungua. "Siku ya tatu, alfajiri, nimelala peke yangu, meseji ikaingia. Somoe amepima leo. Nilijua ni Swaumu. Nangu, mie mtu mzima, sikupagawa. Lakini niliisoma, nikaamka, nikachemsha chai. Kesho yake tena. Nikasema nikikomboa ile mashine, hii itanyamaza."

"Muuguzi alipokwambia presha imepanda?"

"Nikasema moyoni, Somoe keshakufa, presha itamfanya nini tena?" Sauti yake ilikwaruza. "Sikuwaza mkono uliovaa. Wallahi sikuwaza."

Veridiana hakumlaumu. Wakubwa wenye digrii zao walikuwa wamekosea vilevile, tena kwa kompyuta. Alisimama akampigia mhudumu wa afya wa kule Nanganga, akampa jina na maelezo. Nusu saa baadaye, gari likiwa limeshaanza kutafuta barabara ya Newala, simu ikarudi.

"Nimempata, afande. Yupo barabarani anauza mizizi ya ming'oko. Amegoma kwenda hospitali."

"Amegoma?"

"Anasema haumwi yeye, mwenye presha ni marehemu. Na mashine hampi mtu. Anasema yeye mtani, aje mwenye msiba amkomboe."

"Anaonekanaje?"

"Anacheka. Lakini ming'oko inamdondoka mkono wa kushoto."

Veridiana alimgeukia Mzee Abdulatifu, aliyekuwa amepanda nao kiti cha nyuma. Mzee alikuwa ameondoka na salfa yake usoni, na mapajani amempakata jogoo aliyefungwa miguu. Hakuna aliyemwambia amchukue.

"Dereva," Veridiana alisema, "kanyaga."

Waliteremka mlima, wakapita Masasi bila kusimama hata kwa maji. Njia nzima Yunusi alikuwa na kompyuta magotini akiongea na daktari wa hospitali waliyopanga kumpeleka Swaumu, mwendo wa nusu saa kutoka Nanganga. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Presha iliyopanda kwa wiki nyingi, alisema, hushushwa kidogo kidogo, maana ukiishusha ghafla unaweza kumpoozesha mtu kwa mkono wako mwenyewe. Iliyoruka leo ina tiba nyingine. "Nataka kuona siku zote alizopima," alisema. "Siwezi kutibu kwa kipimo kimoja."

"Siku zote ziko kwenye jina la maiti," Yunusi alisema baada ya kukata simu. "Na kanuni yetu inazificha. Itabidi nizihamishe kwa mtu mpya. Lakini zianzie wapi? Nikikosea, nampa presha ya mwingine."

"Saa tisa na dakika hamsini ya siku ya maziko," Veridiana alijibu. "Kabla ya hapo ni Somoe. Kuanzia hapo ni Swaumu. Una shahidi nyuma yako, na msiba mzima ulikuwepo."

Swaumu alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini na ushei, amekaa kwenye kigoda kando ya barabara, mafungu ya ming'oko ya kuchemsha yamepangwa mbele yake. Alikuwa amevaa miwani isiyomfaa. Alipomwona Mzee Abdulatifu akishuka na jogoo, alipiga kofi kwa mkono mmoja juu ya paja.

"Hee! Mgane kaja! Nilidhani umeshaoa, ndiyo maana hutaki kunikomboa!"

"Nani aolewe na mimi," mzee alisema, "na mke wangu unaye wewe?"

"Na huyo jogoo mbona kakonda? Mnakula naye salfa?"

"Mchukue hivyohivyo. Na wewe si mzuri."

Wanunuzi wawili walicheka. Veridiana alipiga magoti kwenye vumbi, akaamkia, akaomba mkono. Swaumu alimpa wa kulia, kisha mashine, ambayo ilikuwa imefunikwa vizuri kwa kanga ya Somoe ndani ya beseni. Alimpima hapohapo. Mia mbili ishirini na moja kwa mia na ishirini na nane. Taa ya pembeni ikawaka nyekundu.

"Hii taa imeanza kuwaka hivi lini, bibi?"

"Kitambo. Zamani ilikuwa kijani, Somoe alinionyesha. Akishapima, taa ikiwa kijani, anasema haya tunywe uji." Swaumu aliitazama mashine kwa upole. "Mimi kusoma sijui. Nilipoona wekundu kila siku nikasema, nayo imejua. Imemkosa mwenyewe, inamlilia."

"Na kichwa?"

"Kinauma tangu tulipomzika."

"Hukwenda zahanati?"

"Nikaseme nini? Mwenye presha alikuwa yeye. Mimi nampimia tu, mpaka nikombolewe. Ndiyo kazi yenyewe."

Veridiana alikuwa amekuja kutafuta mtu aliyejifanya mwingine, akampata aliyeishika zamu ya rafiki yake mpaka ikawa inamuua. "Bibi," alisema, "hii si presha ya Somoe. Mashine haina kumbukumbu ya mtu, inasoma mkono uliomo. Huu ni mkono wako. Inakulilia wewe."

Swaumu aliangalia mkono wake kana kwamba umeletwa na mgeni. Alijaribu kucheka, akaishia njiani. Mzee Abdulatifu alimwekea jogoo miguuni.

"Nimekukomboa mbele ya watu," alisema. "Sasa simama twende, usinitie aibu."

Walimpakia kiti cha nyuma, katikati ya mzee na Veridiana. Yunusi aliuliza maswali akiwa kiti cha mbele, akiandika kwa vidole viwili. Jina. Kijiji. Mwaka wa kuzaliwa, ambao Swaumu aliukisia kwa mwaka wa njaa. Kwenye fomu mpya namba ya mashine ilikuwa imewekwa pembeni, na jina la mtu lilikaa juu yake. Kisha akakwama.

"Ndugu wa karibu wa mgonjwa ni nani?"

"Mume nimezika," Swaumu alisema, ulimi umeanza kuwa mzito. "Mwanangu yuko Msumbiji. Simu sina."

"Lazima awepo mtu, afande," Yunusi alisema. "Bila yeye mfumo hauhifadhi, na usipohifadhi daktari haoni kitu."

"Andika mimi," Mzee Abdulatifu alisema. "Abdulatifu. Namba unayo."

"Uhusiano? Orodha ina mume, mzazi, mtoto, ndugu, jirani."

"Mtani."

"Mtani hayumo, mzee."

"Mliitunga wapi orodha isiyokuwa na mtani?" mzee aling'aka.

"Andika adui," Swaumu alisema, macho amefumba. Dereva alicheka peke yake. Gari liliyumba kwenye kona, Veridiana akamshika bibi bega asianguke. Bega lilikuwa la moto.

"Yunusi," alisema, "chagua chochote, tunachelewa."

"Asichague chochote," Mzee Abdulatifu alisema. "Andika ndugu. Tumefiwa na mtu mmoja, mimi na huyu. Mimi walinijia siku saba, wakanikalia, wakanipa pole mpaka nikachoka kuitikia. Yeye alikuja kutuchekesha. Nani alimpa pole?"

Mzee aligeuka kitini, kwa shida, jinsi nafasi ilivyokuwa ndogo, mpaka akamtazama Swaumu usoni.

"Pole, Swaumu. Pole sana kwa msiba. Najua mlivyokuwa."

Swaumu alifungua mdomo kama mtu mwenye jibu tayari. Utani haukuja. Alivua ile miwani, akaishika, midomo ikaanza kumtetemeka, na kilio kikatoka, kikubwa, cha mtu aliyefiwa leo. "Somoe wangu," alisema. "Somoe wangu mie, umeniacha na nani?"

Yunusi alibonyeza. Mfumo ulikubali. Dakika tatu hazikupita simu yake ikaita, na sauti ya daktari ikasikika gari zima. "Nimezipata zote. Imepanda polepole tangu Aprili. Mlete, najua pa kuanzia. Msimpe dawa yoyote njiani."

Swaumu alikuwa bado analia, mwili mzima ukitikisika. Veridiana alinyoosha mkono kumtuliza. "Bibi, nyamaza. Presha itazidi."

Mzee Abdulatifu aliuzuia mkono wake kabla haujafika. Salfa ya usoni ilikuwa imefanya michirizi miwili.

"Mwache, mwanangu," alisema. "Alikuwa hajapata nafasi."

Kwenye geti la hospitali walikuwa wakisubiriwa na kiti cha magurudumu. Swaumu alikikataa. Alishuka kwa miguu yake mwenyewe, akilia kwa sauti mbele za watu, mkono mmoja begani kwa Mzee Abdulatifu.